Laptopu ya filamu kwa abiria wa kiti cha nyuma: njia tatu, na kila moja inamfaa nani

Nimeshafunga laptopu ndani ya gari kwa njia zote tatu nitakazozilinganisha hapa, na kila moja nimesafiri nayo masafa marefu. Watu huniuliza ipi bora. Mimi huwauliza kwanza: nyuma watakaa wangapi, wana umri gani, na gari ni lako au la kuazima? Mtoto mmoja wa miaka minne ni safari moja. Vijana watatu wasioelewana hata kama dirisha lifunguliwe au lifungwe ni safari nyingine kabisa, hata barabara ikiwa ile ile.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza, laptopu inafungwa kati ya viti viwili vya mbele na wote walioko nyuma wanatazama kioo chake. Ya pili, laptopu inakaa mahali pengine na kupeleka picha kwenye skrini ndogo zilizofungwa nyuma ya viegemeo vya vichwa. Ya tatu, laptopu inabaki kuwa ghala la filamu tu, na kila abiria anatazama anachotaka kwa Wi-Fi kwenye kishikwambi au simu yake.

Mambo ya kupimia

Usalama kwanza, na hapa sina mzaha. Chukua laptopu ya kilo 2 iliyowekwa tu bila kufungwa. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu inayohitajika kuizuia laptopu hiyo isiruke ni sawa na kubeba mzigo wa karibu kilo 28, na huo ni wastani tu. Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa swali hili: kitu kimefungwa wapi, kimefungwa kwa kitu gani, na kikichomoka kitampiga nani? Pamoja na hilo, dereva asiione picha. Nchi nyingi zinakataza kisheria filamu kuonekana na dereva gari likiwa linatembea, na hata pasipo sheria, jicho la dereva linavutwa na kitu kinachochezacheza.

La pili ni umeme, ambao ndio huharibu safari nyingi za filamu kuliko kitu kingine chochote. Soketi ya kiberiti cha sigara hutoa volti 12, na injini ikiwaka hupanda hadi karibu 14. Nyingi zimewekewa fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Fyuzi ya ampea 10 ina maana una wati 120 tu za kugawana. Laptopu ya kawaida ina chaja ya wati 45 hadi 65, kwa hiyo hapo hakuna shida. Laptopu ya kuchezea gemu inaweza kudai wati 200 na zaidi, na fyuzi itakatika.

Kuilisha laptopu kuna namna mbili. Ukitumia inveta, umeme wa gari unapandishwa hadi volti 220 au 230, kisha chaja yako inaushusha tena hadi volti 19 au 20. Kila mgeuzo unapoteza umeme kwa joto, na inveta nyingi zina feni inayonguruma kwenye miguu ya abiria. Kama laptopu yako inachajiwa kwa USB-C, chaja ya gari ya USB Power Delivery ni nyepesi, kimya, na haina mzunguko huo wa kupanda na kushuka. Soma wati zake kabla ya kulipa: chaja ya simu ya wati 20 itaingia vizuri kwenye tundu lakini betri ya laptopu itaendelea kushuka huku taa ya chaji ikiwaka.

Injini ikizimwa, hesabu inabadilika. Laptopu inayokula wati 30 inavuta karibu ampea mbili na nusu kwenye betri ya gari. Saa tano za hivyo ni zaidi ya ampea-saa 12, na betri ya gari dogo mara nyingi ina ampea-saa 45 hadi 60 na haipendi kushushwa chini ya nusu. Dakika ishirini za kula njiani si tatizo. Kulala usiku mzima soketi ikiwa hai ni tatizo.

Halafu kuna sauti, kuna macho na tumbo, na kuna usumbufu wa kuweka na kutoa. La tumbo watu hulipuuza: mtoto akiinama kutazama kitu kilicho mapajani, macho yanamwambia ametulia huku masikio ya ndani yanamwambia anapinda kona, na hapo kichefuchefu huanza. Picha ikiwa usawa wa macho, na barabara ikionekana pembeni, hali huwa nafuu. Kuhusu kuweka na kutoa, kumbuka kwamba gari lililofungwa juani linaweza kufika nyuzi 60 ndani, hasa kwenye dashibodi, na laptopu nyingi zimeundwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35 au 40. Chochote utakachofunga lazima uweze kukifungua haraka na kuondoka nacho.

Kabla ya njia yoyote: filamu ziwe ndani ya mashine

Hili halina tofauti kati ya njia zote tatu. Usitegemee intaneti ya njiani. Filamu ya saa mbili yenye ubora wa 1080p, ikiwa imebanwa kwa H.264 (mfumo wa kubana video) kwa megabiti 5 kwa sekunde, inachukua gigabaiti 4.5 hivi. Ya 720p kwa nusu ya kasi hiyo inachukua kama 2.25, na kwenye skrini ya inchi 10 macho hayataona tofauti kubwa. Zile zilizopakuliwa ndani ya programu za kulipia huwa na tarehe ya kuisha na nyingine hudai kuthibitisha akaunti kwanza, kwa hiyo usiku wa kuamkia safari washa hali ya ndege na ufungue kila filamu moja moja. Isiyofunguka usiku huo haitafunguka barabarani.

Kama laptopu yako bado ina diski ya zamani inayozunguka, ihurumie. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na barabara ya mashimo ni adui yake. Hamishia filamu kwenye flashi au SSD, ambazo hazina kinachozunguka, uchezeshe kutoka huko.

Njia ya kwanza: laptopu yenyewe ndiyo skrini

Mahali pake ni juu ya kisanduku cha kuegemezea mkono, katikati ya viti vya mbele, kioo kikitazama nyuma. Mara yangu ya kwanza niliibana kwa kamba moja ya mpira nikaona inatosha. Likaja tuta ambalo sikuliona, laptopu ikaruka ikaangukia upande wa gia. Hakuna aliyeumia, lakini nilisimama pembeni nikazima injini na kukaa kimya kwa muda. Tangu siku hiyo naweka mkeka wa mpira chini, nafunga mikanda miwili mipana inayozunguka kisanduku chote, mmoja karibu na bawaba na mwingine mbele ya kibodi, kisha naikamata kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu zangu zote. Ikisogea hata upana wa kidole, narudia. Hakikisha pia haigusi gia wala breki ya mkono, na usiisogeze kwenye dashibodi wala mahali mfuko wa hewa unapofumukia. Kama gari lako halina kisanduku kigumu katikati, njia hii iache.

Kwa umeme, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote: kifaa kimoja, waya mmoja. Laptopu yenye betri nzima na filamu iliyo ndani yake inaweza isihitaji chaja kabisa kwa filamu moja au mbili. Usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi. Ichezeshe filamu nzima nyumbani bila chaja uone asilimia ngapi zimeondoka. Faida nyingine ni kwamba unapowasha injini, volti za gari huporomoka kwa muda mfupi, na betri ya laptopu inaziba pengo hilo bila mtu yeyote kujua.

Sauti ndiyo udhaifu wake. Spika za laptopu hazishindani na mngurumo wa matairi. Ukiunganisha kwenye redio ya gari kwa waya wa AUX, kila mtu anasikia, dereva akiwemo, na filamu ya katuni kwa mara ya tatu ni mtihani. Hapo pia unaweza kukutana na kile kimluzi chembamba kinachopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Wengi hudhani redio imekufa. Chanzo chake huwa ni laptopu kuunganishwa na gari kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kupitia chaja na kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja: mluzi ukinyamaza, umeshampata mwizi. Dawa ni kichujio kidogo cha kutenganisha ardhi kinachochomekwa katikati ya waya wa sauti, au kucheza kwa betri tu. Njia tulivu kuliko zote ni kigawanyio cha hedifoni, tundu moja kuwa mawili au matatu. Hedifoni za Bluetooth zinaweza kuchelewesha sauti nyuma ya midomo. Kwenye VLC ya Windows, programu ya kuchezea filamu, bonyeza J au K, kila mara sauti husogea kwa milisekunde 50 hadi ilingane.

Kwa macho, aliyekaa katikati anaona vizuri na walioko pembeni wanaona kwa mshazari. Kioo cha aina ya IPS kinavumilia hilo. Cha TN rangi zake hugeuka mtu akitazama kwa pembe. Usiku punguza mwangaza, maana picha hugonga kioo cha nyuma na kumrudia dereva kwenye kioo chake cha kati.

Inamfaa mwenye safari ya mara moja moja, gari la kuazima, na watoto wawili wanaokubali filamu moja. Haimfai anayesafirisha watu wa mbele wanaohitaji nafasi ya mikono, wala gari lenye viti vya mbele vilivyokaribiana mno.

Njia ya pili: laptopu imefichwa, skrini ziko nyuma ya viti

Hapa laptopu inashuka chini, mara nyingi mbele ya kiti cha nyuma au chini ya kiti cha mbele kama pana nafasi, na skrini mbili za inchi 10 hadi 13 zinafungwa kwenye vyuma vya viegemeo vya vichwa. Mzigo mzito umeondoka usawa wa vichwa, na hilo ni jambo zuri. Lakini sasa mbele ya uso wa kila mtoto kuna kitu kigumu. Chagua kishikilio kinachobana vyuma vyote viwili, skrini isiyo na kona kali, na uhakikishe mtoto amefungwa mkanda vizuri kiasi kwamba kichwa chake hakifiki pale.

Laptopu iliyofungwa kifuniko huzima picha kwa kawaida yake, kwa hiyo kwenye mipangilio ya umeme chagua kwamba kifuniko kikifungwa isifanye lolote. Kisha iache ipumue. Nimewahi kuitoa kwenye begi lililofungwa zipu baada ya saa moja ya filamu, na chini yake palikuwa pa moto kiasi cha kushindwa kushika. Iweke wazi, matundu ya feni yakiwa huru, na uifunge kwa mkanda isiteleze hadi kwenye miguu ya dereva.

Nyaya ndizo kazi yenyewe. Laptopu yenye tundu moja la HDMI inahitaji kigawanyio cha kupeleka picha kwenye skrini mbili, na kigawanyio kinataka umeme wake wa volti 5. Baadhi ya skrini hupokea picha na umeme kwa waya mmoja wa USB-C, na hizo ni raha, ila si kila tundu la USB-C linapeleka picha. Jaribu kabla hujanunua ya pili. Unapopitisha nyaya chini ya zulia, ziepushe na reli za kiti: mtu akisogeza kiti mbele, reli inaukata waya kama mkasi. Acha pia mkunjo wa ziada karibu na tundu la HDMI, kwa sababu mtikisiko wa saa nyingi unalilegeza tundu ambalo waya wake umevutwa.

Umeme unaongezeka: laptopu wati 30 hivi, kila skrini wati 10 hivi, jumla karibu 50. Bado soketi inamudu. Ila skrini zisizo na betri zitazimika kila injini inapowashwa, na itabidi zisubiriwe zirudi. Kasoro nyingine ya njia hii ni ulinzi wa nakala: filamu za programu za kulipia zinaweza kutoa kioo cheusi kama skrini au kigawanyio hakitambui HDCP, ambao ndio mfumo wa ulinzi huo kwenye HDMI. Faili zako mwenyewe hazina shida hiyo.

Kwenye sauti na macho, njia hii inanipendeza sana. HDMI hubeba sauti pamoja na picha, kwa hiyo skrini yenye tundu la hedifoni inampa kila mtoto kitufe chake cha sauti bila waya kuvuka gari zima. Watoto wapatiwe hedifoni zenye kikomo cha sauti. 85 desibeli ndicho utakachokiona kimeandikwa kwenye nyingi. Picha iko usawa wa macho, moja kwa moja mbele, na matapishi hupungua. Ila aliyekaa katikati hana skrini yake, na filamu ni moja kwa wote. Kusimamisha au kubadilisha kunahitaji kibodi ndogo isiyo na waya, ikabidhiwe abiria wa mbele, kamwe si dereva.

Inamfaa mwenye gari lake, anayesafiri karibu kila wiki na watoto wawili wenye viti vyao vya kudumu. Ukiwa mtu wa safari mbili kwa mwaka, utatumia muda mwingi kulaza nyaya kuliko kutazama filamu.

Njia ya tatu: laptopu ni ghala, kila mtu na kioo chake

Weka kwenye laptopu programu ya kugawa filamu kama Jellyfin, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Vishikwambi vinaunganishwa kwa Wi-Fi na kila mtu anachagua. Laptopu inaweza kukaa sakafuni, imefungwa, skrini yake imezimwa.

Mtandao wenyewe usiutafute kwenye hotspoti ya Windows, ambayo mara nyingi hukataa kuwaka pasipo intaneti ya kugawa. Ruta ndogo ya safarini inayokula umeme wa USB ni bora zaidi. Filamu tatu kwa wakati mmoja, kila moja megabiti 5, ni 15 kwa jumla, na hata ruta ya kawaida kabisa inabeba.

Mtego uko kwenye aina ya faili. Kishikwambi kisipoweza kusoma faili kama lilivyo, laptopu inaligeuza papo hapo, na hapo feni inapiga kelele, joto linapanda, na wati zinapaa. Geuza faili zote ziwe H.264 na sauti ya AAC nyumbani, siku kadhaa kabla. Tafsiri za chini ya picha ziwe faili za SRT, yaani za maandishi matupu, maana zile ambazo ni picha hulazimisha ugeuzaji hata kama filamu yenyewe iko sawa.

Laptopu inakula kidogo kwa kuwa kioo kimezimwa, lakini vishikwambi navyo vinataka chaji, na soketi moja sasa inaombwa na vifaa vinne. Sauti haina ugomvi: kila mtu na hedifoni zake. Kwa usalama, kishikwambi kisiwe cha kushikwa mkononi. Nunua kishikilio cha kukifunga nyuma ya kiti, maana hapo unatibu mambo mawili, kisiruke na mtoto asiiname. Wazazi wanaweza kumfungulia kila mtoto akaunti yenye kikomo cha umri wa filamu, na hilo njia mbili za kwanza haziwezi.

Inamfaa mwenye abiria watatu au zaidi wenye ladha tofauti na vifaa tayari mkononi, na asiyechoka kuandaa. Haimfai mwenye watoto wadogo wasioweza kujichagulia, kwa sababu kila dakika kumi mtu wa mbele atageuka nyuma kubonyeza.

Na niseme wazi: kama vishikwambi vyenu vina nafasi ya kutosha, nakili filamu moja kwa moja ndani yake na uache laptopu nyumbani. Gigabaiti 45 zilizo wazi zinabeba filamu ishirini za 720p. Ghala lina maana pale vifaa vinapokuwa na nafasi ndogo au filamu ni nyingi.

Kwa hali yako

Watoto wawili wadogo, gari si lako, safari ya nusu siku: njia ya kwanza, kwa betri, na kigawanyio cha hedifoni.

Mtoto anayetapika garini: njia ya pili, au ya tatu yenye vishikilio. Ya kwanza pia inawezekana ikiwa kisanduku ni kirefu kiasi cha kuinua kioo. Mpe mapumziko ya kutazama nje kila baada ya nusu saa.

Vijana watatu au wanne: njia ya tatu, na kabla ya kuondoka hesabu nyaya za chaji pamoja nao.

Laptopu ya gemu yenye chaja nzito: usiitumie kwa inveta ya kwenye soketi. Itumie kwa betri yake, au tafuta laptopu ndogo ya zamani. Kucheza filamu ya H.264 si kazi kubwa.

Gari mnalosafiria mara kwa mara na watoto wale wale: njia ya pili, na jipe mwisho wa juma mzima wa kulaza nyaya bila haraka.

Na kama safari ni kesho alfajiri na hujanunua chochote, chaji laptopu usiku huu, nakili filamu mbili, washa hali ya ndege uone kama zinafunguka, zima masasisho ya kujiwasha upya, tafuta mikanda miwili mipana, na uifunge garini kabla ya kulala ili uitikise ukiwa na mwanga na muda. Kisha ifungue, ingia nayo ndani, na asubuhi uifunge vile vile.